Fundi wa Mawimbi na Bata Wake

Ipo picha moja ya zamani ambayo kila anayefuatilia habari za umeme wa bahari hukutana nayo siku moja. Ni tangi jembamba la kioo katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, limejazwa maji na kutazamwa kutoka ubavuni. Mpigapicha aliiacha kamera ikiwa wazi mpaka mawimbi yakapita, ndiyo maana kila kilichosogea kimeacha njia yake. Upande mmoja uso wa maji umegeuka ukanda mpana, alama ya mawimbi yaliyokuwa yakipanda na kushuka. Katikati kuna kitu chenye umbo la tone lililolazwa: nyuma mviringo, mbele kimechongoka kama mdomo. Upande wa pili wa kitu hicho maji yametulia kama yaliyo mtungini.

Ndani ya maji mlitiwa matone ya kimiminika cheupe, chenye uzito uleule wa maji ili kisizame wala kisielee. Upande wa mawimbi kila tone limechora duara, makubwa karibu na uso na madogo kadiri unavyoshuka. Upande wa pili matone hayakuchora kitu cha maana. Mawimbi yaliingia, hayakutoka.

Kitu kile cha katikati kiliitwa Bata, kwa namna kilivyokuwa kikitikisa kichwa kila wimbi lilipofika. Aliyekibuni ni Stephen Salter, aliyefariki Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 85. Nimekuwa nikisoma habari zake kwa muda mrefu, na naamini katika karne iliyopita hakuna aliyeyaelewa mawimbi kwa mikono yake kuliko yeye. Naamini pia kwamba Bata wake hakushindwa na bahari, maana hakupata kufika huko.

Mvuvi wa Jambiani hahitaji kufundishwa kwamba wimbi halibebi maji. Kifuu cha nazi kikielea nje ya mwamba hupanda, husogea mbele kidogo, hushuka, hurudi nyuma, kisha hujikuta karibu palepale kilipokuwa. Kinachosafiri ni nguvu. Upepo uliovuma mamia ya kilomita mbali umeikabidhi bahari nguvu zake, nayo bahari imezileta mpaka pwani bila kupoteza nyingi njiani. Kila chembe ya maji inazunguka tu mahali pake, na anayezamia anajua kwamba akishuka vya kutosha mtikisiko wote unakwisha, hata kama juu ngalawa zinarushwa.

Hesabu ya nguvu hiyo inaingia kichwani bila kalamu. Chukua kimo cha mawimbi kwa mita, ukizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi, kisha gawanya kwa mbili. Jibu ni kilowati, kwa makisio, katika kila mita moja ya upana wa wimbi. Bahari ya mita mbili na sekunde nane inakupa kilowati 16. Ya mita nne na sekunde kumi inakupa 80. Kimo kikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Hapo ndipo penye neema na hatari pia, maana mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya mita mbili itakutana siku moja na mita kumi na tano.

Salter alizaliwa Johannesburg mwaka 1938, akakulia na kusoma Uingereza. Kabla ya chuo kikuu alikuwa mwanagenzi wa karakana katika kampuni ya Saunders-Roe, kwenye kisiwa cha Wight, iliyokuwa ikitengeneza ndege, hovakrafti na roketi ya Black Knight. Baadaye alisoma sayansi Cambridge. Huko alifanya kazi na Richard Gregory, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi macho yanavyodanganywa, na mwaka 1967 akafuatana naye Edinburgh, kwenye idara mpya iliyotaka kuzipa mashine akili. Mashine moja ya idara hiyo, roboti aliyeitwa Freddy, ina kazi ya mikono ya Salter. Freddy alitazama vipande vya mbao kwa kamera, akavitambua, akaviokota na kuviunganisha. Kwa miaka ile lilikuwa jambo la kushangaza.

Mwaka 1973 mambo yaliharibika pande mbili. Ripoti ya mwanahisabati James Lighthill iliikosoa vikali taaluma ya akili ya mashine, na fedha zake Uingereza zikakauka. Halafu Oktoba ikaja vita ya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikafunga mabomba, na bei ya pipa la mafuta ikapanda kutoka dola tatu hivi hadi karibu 12 katika miezi michache. Wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka jinsi shida ya mafuta ya miaka hiyo ilivyoleta marufuku ya kuendesha magari Jumapili alasiri. Uingereza nako, mwanzoni mwa 1974, viwanda viliruhusiwa kutumia umeme siku tatu tu kwa juma.

Katika hali hiyo Salter alishikwa na mafua akalala. Mkewe, Margaret Donaldson, hakuwa mtu wa kuvumilia mwanamume anayejihurumia. Alimwambia kama yupo tu kitandani, basi alitatue hilo tatizo la nishati. Tena alimpa masharti: kitu chenye nguvu nyingi, kisafi, salama, kinachofanya kazi Uskochi wakati wa baridi, na kisichokwisha. Salter alikuwa akisimulia kisa hicho kwa furaha miaka yote, akimshukuru kwa kumpa kazi iliyoelezwa vizuri. Masharti ya Uskochi na majira ya baridi yaliliondoa jua. Yalibaki mawimbi, ambayo kule kaskazini huwa makubwa zaidi msimu uleule ambao watu wanawasha taa mapema na kupasha nyumba moto.

Huyu Margaret anastahili kusimamishwa hapa kidogo, kwa sababu naona kazi yake na ya mumewe ni ndugu. Alikuwa mwanasaikolojia wa watoto, na mwaka 1978 alitoa kitabu kilichosomwa na walimu kote duniani, *Children's Minds*. Jean Piaget, mtaalamu mkubwa wa Uswisi, alikuwa amewaonyesha watoto sanamu ya milima mitatu na kuwauliza mwanasesere aliyekaa upande wa pili anaona nini. Watoto wadogo walishindwa, Piaget akahitimisha kwamba hawawezi kujiweka mahali pa mwingine. Katika kundi la Edinburgh, mtafiti Martin Hughes akaubadilisha mtihani: badala ya milima aliweka kuta, polisi, na mwanasesere anayetakiwa kufichwa asionekane. Watoto wa miaka mitatu na nusu hadi mitano walimficha sawasawa, mara tisa katika kumi. Uwezo walikuwa nao. Kosa lilikuwa kwenye kipimo.

Basi katika nyumba hiyo ndimo alimokuwa akiishi fundi wa mawimbi.

Wazo lake la kwanza lilikuwa boya linalopanda na kushuka, kama lile dude la kuelea ndani ya tangi la choo. Alipolipima aliona linavuna kidogo mno, nguvu nyingi ikipita chini yake au kurudishwa ilikotoka. Sababu ilimjia polepole, kwa kuchonga vipande vya mbao nyepesi kimoja baada ya kingine na kuvijaribu majini. Kitu kinachotikisika majini hutengeneza mawimbi yake chenyewe, mbele na nyuma. Yale ya nyuma ni nguvu inayotoroka. Ili isitoroke, sehemu ya nyuma isiyasukume maji kabisa hata kama kitu chenyewe kinatikisika. Umbo gani linaweza kuzunguka bila kuyasukuma maji yaliyo nyuma yake? Duara, ukilizungusha kwenye kitovu chake. Kwa hiyo mgongo wa Bata ni mviringo kamili. Upande wa mbele, ambako maji yanacheza sana juu na kidogo chini, alichonga mdomo unaocheza vilevile: sana juu, kidogo chini. Bata anaufuata mwendo wa maji kama mcheza ngoma aliyemzoea mpiga ngoma.

Juni 1974 matokeo yalitoka kwenye jarida la *Nature*. Katika tangi jembamba, kwa mawimbi yanayofanana, Bata alimeza asilimia 90 hivi ya nguvu iliyomfikia. Kwa mashine ya kwanza kabisa ya mtu aliyeanza chini ya mwaka mmoja kabla, tarakimu hiyo ilikuwa ngumu kuaminika. Na watu hawakuwa wameanza jana kulitafuta jambo hili. Huko Paris, baba na mwana wa ukoo wa Girard walisajili uvumbuzi wa kuvuna mawimbi mwaka 1799. Japani, Yoshio Masuda alikuwa ameshatengeneza maboya ya kuongozea meli yanayowasha taa zake kwa nguvu ya mawimbi, na yalikuwa yakifanya kazi baharini. Aliloongeza Salter ni hesabu: sasa ilijulikana kiasi gani kinaweza kuvunwa, na kwa nini.

Wengi humkumbuka kwa Bata peke yake. Mimi namkumbuka zaidi kwa tangi.

Ukitaka kupima mashine ya mawimbi unahitaji bamba linalosukuma maji upande mmoja, na mfano wa mashine mahali fulani katikati. Wimbi likiugonga mfano, sehemu yake hurudi. Ikifika kwenye bamba hurushwa tena mbele, ikajichanganya na wimbi jipya. Baada ya dakika chache hujui tena ulichopeleka ni kipi na kilichorudi ni kipi. Ni sawa na kumsikiliza mtu ndani ya chumba kitupu chenye mwangwi: sauti yake unaisikia, maneno huyapati. Salter alitengeneza bamba linalohisi. Kifaa ndani yake hupima nguvu ambayo maji yanaliegemea, na mota hurekebisha mwendo wake papo hapo, hivi kwamba linapeleka wimbi jipya na kulimeza linalorudi kwa wakati uleule. Kufikia 1977 chuo kilikuwa na tangi pana lenye mabamba 89 yaliyopangwa mstari mmoja, kila moja likiongozwa peke yake na kompyuta. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutengeneza ndani ya jengo bahari yenye fujo ya kweli, mawimbi ya vimo na pande mbalimbali kwa pamoja, kisha akaitengeneza ileile tena kesho yake. Bahari halisi haikupi nafasi ya pili namna hiyo. Tangi lilikupa, ukabadilisha skrubu moja na kuona tofauti.

Kutoka mfano mdogo walikwenda kwenye mfululizo wa bata wa kipimo cha moja kwa kumi, uliojaribiwa na chuo cha Lanchester cha Coventry kwenye ziwa Loch Ness. Mpango kamili ulikuwa mkubwa kupita kiasi: bata wa zege wenye unene wa nyumba, wamepangwa safu kwenye uti wa mgongo mmoja unaoelea kilomita nyingi katika Atlantiki. Uti huo ulikuwa na maungo yanayopinda yakizidiwa. Salter alijua kwamba kitu kigumu baharini huvunjika, chenye kulegea huishi. Baadaye aliweka ndani ya Bata magurudumu mazito yanayozunguka kwa kasi, ili mitambo yote ifungiwe humo, mahali ambapo chumvi haifiki.

Serikali ya Uingereza ilianzisha programu ya nishati ya mawimbi mwaka 1976. Walitaka kituo cha megawati 2,000. Nasema bila kusita kwamba hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza. Miaka hiyohiyo huko Denmark mafundi wa vijijini walikuwa wakisimamisha mashine za upepo za kilowati 22, halafu 55, zikivunjika wanazitengeneza, wakijifunza mwaka baada ya mwaka. Mtoto wa upepo alitambaa kabla ya kusimama, na leo mitambo ya upepo ya baharini ina megawati zaidi ya 10 kila mmoja. Mtoto wa mawimbi aliambiwa aanze kwa kubeba gunia.

Machi 1982 kamati ya washauri wa nishati ilikaa na kupendekeza programu ipunguzwe hadi karibu kufa. Sababu iliyotolewa ilikuwa bei: umeme wa mawimbi ungekuwa ghali mno. Salter aliyachambua makaratasi ya hesabu kwa jicho lilelile alilotumia kwenye tangi, na hakunyamaza tena. Alidai kwamba gharama za ujenzi zilikuwa zimetiwa chumvi, kwamba makisio ya kuharibika kwa nyaya za chini ya bahari hayakufanana na yaliyokuwa yakionekana kwenye nyaya zilizokuwapo, na kwamba kazi ya kupima ilikuwa imepewa ofisi isiyofaa. Ofisi iliyosimamia programu ilikuwa Harwell, ndani ya makao ya utafiti wa nyuklia. Siwezi kuingia mioyoni mwa waliokaa kwenye kikao kile. Lakini mwaka 1992 tathmini mpya, iliyofanywa chini ya ofisi hiyohiyo, ilimwona Bata kuwa nafuu kuliko alivyohesabiwa zamani. Na mwaka 2001 kamati ya sayansi ya Bunge la Uingereza, baada ya kumsikiliza Salter na wengine, ilisikitika hadharani kwamba nchi yenye bahari ya namna ile ilikuwa imezipa nishati za mawimbi na maji kupwa na kujaa msaada mdogo kiasi kile.

Miaka 19 ilikuwa imeshapita. Bata wa ukubwa kamili hakuwahi kujengwa, hata mmoja.

Hili linaniuma, na sioni haya kulisema. Programu ya utafiti ikifungwa, wale walioanza kuijua kazi wanatawanyika. Kuna aliyejua kwa nini maungo ya uti wa mgongo yalivuja, na mwingine aliyejua rangi gani inadumu kwenye zege lenye chumvi, na ujuzi wa namna hiyo hauandikwi wote vitabuni. Anayekuja baada ya miaka ishirini anaanza pale walipoanzia wenzake.

Hata hivyo Edinburgh haikutawanyika yote. Ili kugeuza mtikisiko wa polepole wa Bata kuwa umeme mzuri, Salter alihitaji pampu za haidroliki zisizokuwapo sokoni. Pampu za kawaida hupoteza nguvu nyingi zinapofanya kazi chini ya uwezo wake, na wimbi, kwa asili yake, kila mara huja pungufu au kupita kiasi. Yeye na Win Rampen walibuni pampu ambayo kompyuta hukiamulia kila kisilinda, mpigo kwa mpigo, kifanye kazi au kipumzike. Mwaka 1994 ikazaliwa kampuni ya Artemis. Mitsubishi waliinunua mwaka 2010 kwa ajili ya mitambo ya upepo, na mwaka 2015 ilipata Tuzo ya MacRobert, ambayo kwa wahandisi wa Uingereza hakuna iliyo juu yake.

Kijana mwingine wa Edinburgh, Richard Yemm, alitengeneza Pelamis, nyoka mwekundu wa chuma mwenye maungo, anayeelea na kujipinda kufuata mawimbi. Mwaka 2004, kwenye visiwa vya Orkney, Pelamis ilikuwa mashine ya kwanza ya mawimbi ya bahari kuu kuingiza umeme kwenye gridi ya taifa. Mwaka 2008 tatu ziliwekwa Aguçadoura, Ureno. Kampuni ilifilisika 2014. Kwenye pwani hiyohiyo, mwaka 2023, Wasweden wa CorPower waliweka boya lao, na lilihimili mawimbi ya zaidi ya mita 18 katika dhoruba za msimu ule.

Salter mwenyewe hakukaa akisubiri. Miaka ya tisini alitengeneza Dervish, gari la magurudumu matatu mazito ya chuma linalojizungusha polepole kama darweshi kwenye zikiri, likikanyaga kila kipande cha ardhi ili mabomu yaliyotegwa yalipuke chini yake badala ya chini ya mguu wa mtoto. Gurudumu likiharibika linatengenezwa kwa chuma cha kawaida na mashine ya kuchomelea. Alifikiria hata namna ya kuupooza uso wa bahari kwenye njia za vimbunga, kwa mabomba yanayotumia mawimbi kuyashusha chini maji ya moto ya juu.

Mradi wa mwisho ulimchukua miaka mingi ya uzee. Mwanafizikia John Latham alikuwa amependekeza mwaka 1990 kwamba mawingu ya chini baharini yangeweza kufanywa meupe zaidi, yarudishe jua angani na kuipunguzia dunia joto, kwa kuyapa chembe ndogo sana za chumvi ya bahari. Salter akauliza swali la fundi: nani atazirusha? Akachora meli zisizo na watu, zinazosukumwa na upepo kwa milingoti mviringo inayozunguka, uvumbuzi wa Mjerumani Anton Flettner, ambaye meli yake ya aina hiyo ilivuka Atlantiki mwaka 1926. Mahesabu yake yeye na Latham na Graham Sortino yalitoka mwaka 2008. Wapo wanaouogopa mradi huu, nami nimo miongoni mwao. Mvua ya mtu mmoja inaweza kuwa ukame wa mwingine, na sisi tunaoishi kwa vuli na masika hatuwezi kulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Lakini Salter alitaka lipimwe, na alikuwa akichora vipuri vyake mpaka miaka yake ya themanini.

Margaret alifariki 2020, naye Salter akamfuata mwaka 2024.

Katika viunga vya chuo chao kuna tangi jipya, lililofunguliwa mwaka 2014. Ni la mviringo, kipenyo chake mita 25, kina mita mbili, na mabamba 168 yamelizunguka pande zote, yanahisi na kumeza kama yale 89 ya kwanza. Mabamba yote yakisukuma kwa zamu iliyopangwa, mawimbi hukimbilia kitovuni kutoka kila upande, yakakutana, na nguzo ya maji ikaruka juu. Inaanguka kwa kishindo. Miduara inatawanyika kurudi kwenye kingo, mabamba yanaipokea moja baada ya nyingine, na baada ya muda mfupi maji yametulia, tayari kwa jaribio linalofuata.